Tulikula Mbegu Siku ya Idd

Watu wa bara wanatucheka. Wanasema sisi wa Tana tunajifunika blanketi mwezi wa sita kama tuko mlimani. Ni kweli baridi ya kwetu haiui mtu. Lakini wao hawajalala katika nyumba ambayo maji ya mto yametoka juzi. Ukuta wa udongo ukishanyonya maji, hauachi baridi hata jua likiwaka. Unaegemea, nguo inalowa mgongoni. Upepo wa kusi unapita kwenye bonde lililojaa maji, unafika mlangoni ukiwa umelowa pia.

Mwaka ule mto ulivunja kingo katikati ya masika. Kijiji chetu, kilicho upande wa Chara, kilihama chote. Tulikaa chini ya maturubai karibu na barabara ya Garsen mpaka kipupwe kilipoanza. Tuliporudi tulikuta ukuta wa jikoni umelala chini, migomba imeoza, na mpunga uliokuwa shambani umekuwa matope. Tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu wa kiume ambaye alikuwa hajaanza shule, na mimi, niliyemaliza darasa la nane na kubaki nyumbani. Baba hakuwepo. Alifariki kabla ya mvua, kwa ugonjwa wa kifua, na tulimzika ardhi ikiwa bado kavu.

Siku ya kuanua matanga, baba mkubwa, yaani kaka yake baba, alizungumza na mama mbele ya wazee wa ukoo. Hakuongea kwa ukali. Alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi.

"Shemeji, shamba la ndugu yangu ni lako na watoto wako, madamu unalilima. Lakini unajua kwetu. Wakati wa kupanda ukifika na shamba limelala bila mbegu, linarudi kwa ukoo. Hii si sheria yangu. Tuliikuta."

"Nimesikia," mama akasema.

Wazee wakaitikia kwa vichwa, na habari ikaisha hapo.

Shamba lenyewe liko bondeni kabisa, mahali maji ya mto yanapoingia na kutoka. Mahindi hayasimami pale na kunde zinaoza. Pale ni mpunga tu, na si kila mpunga, ila ule wa kwetu mrefu ambao maji yakipanda na wenyewe unanyanyua kichwa. Baba aliuchagua mwenyewe kila mavuno, suke kwa suke, akiyabonyeza kwa kucha. Mbegu alizitia ndani ya kiroba, na kiroba akakiweka juu ya uchaga jikoni, moto ukiwa chini yake. Moshi unafukuza fukusi, wadudu wa nafaka.

Maji yalipokuja, mama aliacha kitanda, akaacha masufuria, akabeba kiroba kichwani. Maji yalimfika kifuani. Bibi alibebwa mgongoni na jirani, na mimi nilimbeba mdogo wangu. Watu wengi kijijini mbegu zao zilikwenda na mto. Kwa hiyo maji yalipoanza kushuka, mama alikuwa na kitu ambacho maduka ya Garsen hayauzi. Dukani kuna mchele, na mchele umeshakobolewa. Haumei.

Basi kipupwe kile tuliishi kwa kukilinda kiroba. Mama alibana kila kitu ili mkono wa mtu usifike uchagani. Kuni za mafuriko zina maji hata zikionekana kavu, kwa hiyo alizipanga kuzunguka mafiga, moto wa leo ukaushe kuni za kesho. Moto haukuzimwa. Ulifukiwa majivu, na aliyeamka kwanza aliupuliza, maana kiberiti kililowa unyevu hata kikikaa ndani ya kopo. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yalianikwa kwenye ungo na kuchemshwa tena, na turungi ya siku ya pili ilifanana na maji ya mto. Sukari ilikuwa ya mdogo wangu peke yake. Alichovya kidole, akalamba, kisha akanywa chai juu yake. Sisi tulikunywa tukimtazama.

Sweta langu la shule lilikuwa halinitoshi tena. Nilikata mikono yake, tukamvalisha mdogo wangu miguuni kama soksi, na mwili wa sweta akauvaa bibi chini ya kanga. Mdogo wangu alitembea jikoni akijitangaza kwamba miguu yake imeanza shule. Mama alicheka siku ile. Naikumbuka kwa sababu hakucheka mara nyingi.

Chakula kilikuwa sima ya unga wa njano wa msaada, na kambare aliyekaushwa moshini. Kambare mmoja alikuwa wa siku nzima: mchana tulikula mwili, jioni kichwa na mchuzi. Bibi alikuwa hapendi sima. Alikulia mpunga, akaolewa kwenye mpunga, akazaa na kuzika kwenye mpunga. Akimaliza kula, hutazama juu.

"Mpunga uko juu ya utosi wangu na mimi nalala na sima," alisema siku moja, nusu mzaha.

"Ule si mpunga, mama," mama akamjibu. "Ule ni shamba."

Baba mkubwa alikuja kutuona mara moja kabla ya Idd. Yeye hakuhangaika sana na mafuriko. Ni dalali kwenye soko la mifugo Garsen, ana mke wa pili na nyumba ya mabati kulekule, na mavuno yake na mbegu zake zilikuwa huko juu, pakavu. Aliingia jikoni akiinama, akasalimia, akanyanyua macho.

"Bado mnacho?"

"Tunacho, shemeji."

"Hodari wewe. Mimi ningebeba redio."

Tukacheka wote, hata mama.

Sasa, kwetu Idd ya kwanza baada ya msiba huliwa nyumbani kwa marehemu. Jamaa wanakuja na kitoweo, na mjane anatoa chakula. Husemwa kwamba siku hiyo ni marehemu anayealika, kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo watu wanamwacha apumzike. Idd Ndogo ilitukuta bado chini ya maturubai, kwa hiyo ya kwanza nyumbani ilikuwa hii iliyokuwa inakuja, Idd Kubwa, ya kuchinja. Mama aliiandaa kwa alichokuwa nacho. Aliweka unga kando, kikombe leo, kikombe kesho, akiutoa kwenye sehemu yake mwenyewe. Tulikandika udongo mpya ukutani ili alama ya maji isionekane. Mimi nilichuma hina kwenye kichaka cha nyuma ya msikiti, nikaitwanga, nikampaka bibi viganja. Nguo tulizikunja zikiwa na unyevu kidogo, tukazilalia chini ya mkeka zinyooke. Mdogo wangu hakuwa na nguo ya Idd, na mama akaitoa kanzu ya baba, akaipima kwa mkono, akaikata kwa wembe, akaishona kwa sindano. Kitambaa kilichobaki alikifanya kofia.

"Watakula tulicho nacho," alisema akikata uzi kwa meno. "Nani ambaye hakutoka majini mwaka huu?"

Bibi alikuwa anatazama kiganja chake chekundu.

Siku ya Idd wanaume walisali kwenye mwinuko, kwa sababu ndani ya msikiti mikeka haijakauka. Kisha wakaja kwetu. Baba mkubwa alikuwa amekuja na beberu mkubwa, mweupe, mwenye ndevu. Sijui kama kuna mtu mwingine kijijini aliyechinja mnyama wa namna ile mwaka ule. Akamlaza uani kwetu, akanuia kwa jina la baba, akachinja. Watu wakajifuta machozi. Mimi pia nililia. Nilimwona ni mtu mwema.

Mdogo wangu akamwendea na kanzu yake.

"Baba mkubwa, nipe mkono wa Idd!"

Baba mkubwa akaishika kanzu ukosini, akaigeuza, akaitazama mishono.

"Eh! Hii ni ya ndugu yangu. Hii nilikuwa nirithi mimi." Akacheka, wenzake wakacheka. "Mkono wako wa Idd umeshauvaa, mwanangu. Nenda zako."

Wageni walikaa kwenye mikeka uani. Nyama ilipoiva, harufu yake ilijaa kila mahali, na mama akatoa masinia ya sima. Alikuwa ameisonga vizuri, laini, ameiviringa, na pembeni ameweka mchicha. Aliyaweka chini, akasimama kando na mikono yake tumboni.

"Karibuni. Mtanisamehe, mwaka huu ndio hali."

Kulikuwa na binamu yake baba, mtu wa maneno, ambaye kila shughuli lazima achekeshe. Akaigusa sima kwa kidole.

"Sima na nyama ya Idd! Basi si tungebaki barabarani? Kule hata msaada walitupa wali."

"Mbona hukubaki?" mwingine akamjibu. "Ulikimbia wali au ulikimbia kazi?"

Wakacheka. Ingeishia hapo, kwa mzaha. Watu walikuwa na njaa na mkono wa kwanza ulikuwa umeshaanza kukata. Lakini baba mkubwa aliinua kiganja.

"Mwacheni, jamani. Mwacheni. Mjane ana mambo mengi." Kisha akamgeukia bibi, aliyekaa mlangoni kwenye kigoda, akapaza sauti. "Mama, tangu mrudi umekula nini wewe?"

"Sima," bibi akasema. "Mchana sima, jioni sima."

"Na uchagani mle jikoni kuna nini?"

Mama akajibu yeye.

"Ni mbegu, shemeji. Unajua ni mbegu."

"Najua. Nani hajui? Mimi nauliza tu. Ndugu yangu anaalika watu mara ya mwisho. Mpunga wa mkono wake uko juu ya moto, na wageni wake wanapewa unga wa msaada. Lakini mwacheni. Kila mtu na moyo wake."

Aliposema hivyo, wazee wakarudisha mikono yao mapajani, mmoja baada ya mwingine. Hawakukasirika. Walisubiri tu, na kusubiri kwao kulikuwa kubaya kuliko maneno. Bibi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama siku ya maziko.

"Mwanangu hakuwahi kumfungia mtu mlango. Mke wa mwanangu, leo unamfungia wewe?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama na jagi la maji ya kunawa. Mkwe hamjibu mama mkwe mbele ya wanaume, hilo ni moja. La pili, wazee waliokaa pale kwenye mikeka ndio haohao watakaosema habari ya shamba. Akikataa, jioni ile Garsen nzima itajua kwamba mjane fulani amemnyima marehemu wali wake mwenyewe, na hakuna mzee atakayemtetea mwanamke wa namna hiyo. Akikubali, analipika shamba. Nilimwona akilifikiria hili, akitazama sinia. Hakukawia. Aligeuka, akaingia jikoni, akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akakishusha kiroba.

"Nusu," aliniambia. "Nusu tu. Nusu ya shamba pia ni shamba."

Tulitwanga pamoja, michi miwili kwenye kinu kimoja, wake ukipanda wangu ukishuka. Mpunga uliokaa moshini ni mkavu, unapasuka upesi. Punje ikishavuliwa ganda imekwisha, huwezi kuirudisha. Nilikuwa naona maganda yanaruka na mchele unabaki chini, mweupe, mzuri. Mama alipeta, akaosha, akapika kwa mchuzi wa nyama, na harufu ya mchele wa kwetu wenye moshi ikatoka uani kabla ya sinia. Nikasikia watu wakipiga bismillahi kwa sauti ya furaha.

Wakati wanakula, mitumbwi miwili ikafika kutoka ng'ambo. Habari ya beberu ilikuwa imevuka maji. Wakaingia na salamu za Idd na pole za msiba kwa pamoja, na huwezi kumwambia mtu aliyekuja kukupa pole kwamba chakula kimekwisha. Bibi alikuwa ameshafuta machozi. Alikuwa amenyooka kwenye kigoda chake, na hina yake, kama mwenye nyumba wa zamani.

"Ongezeni huko!" aliita. "Wageni wa mwanangu wasikae mikono mitupu!"

Mama alikitazama kiroba. Nilimshika mkono, hakuniondoa, lakini mkono wake mwingine ulikuwa umeshafungua kamba. Tulitwanga tena. Mara hii tulitwanga polepole, na bado mpunga ulikaribia kwisha.

Baba mkubwa alikula sana. Alikunja mikono ya shati, akafanya tonge, akalibonyeza, akalitazama kabla ya kulitia mdomoni.

"Huu ndio mchele!" alisema. "Wa Garsen ni kama kutafuna karatasi. Shemeji, Mungu akubariki. Leo ndugu yangu amelala vizuri."

Sisemi alipanga. Sijui kilichokuwa moyoni mwake, na beberu alikuwa wa kweli. Nasema alijua.

Wageni walipoondoka, mama alikung'uta kiroba juu ya ungo. Zilitoka mbegu za kujaa bakuli moja.

Maji yaliposhuka mpaka magotini, wakati wa kupanda ukafika. Mama alizunguka kijijini akiomba mbegu. Hakuna aliyemfukuza, lakini hakuna aliyekuwa nazo. Wengine walikuwa wamekula wali wetu, na walimkwepa macho. Mwishowe tulikwenda Garsen, mimi na yeye, kwa baba mkubwa. Magunia ya mbegu yalikuwa ukumbini, yameegemezwa ukutani, na juu ya moja paka alikuwa amelala. Mke wake alitupa chai ya maziwa na mahamri. Mama alieleza haja yake kwa adabu, akiwa ameshika kikombe bila kunywa.

Baba mkubwa alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, hizo unazoziona zote nimeshazipangia. Nikikupa wewe, kesho nitamwambia nini mwingine? Mimi si wizara ya kilimo."

"Nitakurudishia mavuno yakitoka. Mara mbili."

"Mavuno ni ya Mungu. Kunywa chai, inapoa."

Chai ilikuwa na sukari nyingi, na iliki. Tuliinywa. Sikuwa nimekunywa chai kama ile tangu baba afariki, na ninachukia kwamba ilinipendeza.

Mama alipanda bakuli lake. Alipanda kwa nafasi, punje mojamoja, akijaribu kuzifanya zienee. Zilijaza kona ya shamba, upande wa mto, na kwingine kote palibaki maji yanayong'aa. Wazee walikuja kutazama, baba mkubwa mbele, suruali zimekunjwa. Mama aliwaonyesha kona yake. Zilikuwa zimeota vizuri.

"Hii ni bustani, shemeji," baba mkubwa akasema, bila kucheka. "Hili si shamba lililopandwa."

"Mbegu mnajua zilikokwenda," mama akasema. Ni mara pekee niliyomsikia akilisema jambo hilo mbele ya watu.

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akatazama ng'ambo ya mto, kana kwamba kuna mtu anamwita. Wa tatu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, na ambaye siku ya Idd alimwita mdogo wangu ampelekee ukoko, alisema desturi ni desturi, na ikianza kuvunjwa kwa huruma haitabaki. Wakamwachia mama kona aliyoipanda, mpaka avune. Hilo walilihesabu kuwa wema.

Sehemu nyingine yote ilirudi kwa ukoo, yaani kwa baba mkubwa, naye akaipanda wiki ileile. Watu wake walikuja na magunia kwa trekta mpaka mwisho wa njia, wakapita mbele ya mlango wetu. Bibi aliwaamkia na kuwauliza hali za wake zao.

Mpaka leo bibi husimulia Idd ile kwa fahari. Jirani akija, atamwambia: ulikuwepo? Beberu ndevu hivi, na watu walivuka mto kwa mitumbwi, na wali haukuisha. Mwanangu aliwaaga watu vizuri. Mama huwa anasikia, anaendelea na kazi yake. Nilimuuliza siku moja kwa nini hamwambii. Akasema, "Nimwambie nini? Kwamba alikula shamba la wajukuu wake? Ana nini kingine cha kusimulia?"

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, ndege walishuka kwa makundi. Baba mkubwa alikuja na kutuambia kwamba afadhali kazi ya kuamia, ya kufukuza ndege shambani, aifanye mtu wa nyumbani kuliko mgeni, na kwamba atatulipa kwa mpunga baada ya mavuno. Mama alikubali. Tulikuwa tumeshamaliza unga wa msaada.

Kwa hiyo tulijengewa dungu katikati ya shamba, tukakaa juu yake tangu alfajiri, mimi na yeye, tumejifunika blanketi letu moja kwa sababu umande wa bondeni unaingia mifupani. Tulipiga debe, tukapiga kelele, tukarusha udongo kwa kombeo. Kutoka pale juu ungeweza kuona kona yetu. Mpunga wake ulikuwa mrefu kuliko ule mwingine, na ndege waliupenda zaidi, lakini tulikuwa tumeajiriwa upande huu.

Baba mkubwa alipita asubuhi moja kwenye jaruba, amevaa buti za mpira, akasimama chini yetu.

"Shemeji! Kule chini kwangu wanakula. Hamwoni?"

"Tunaona," mama akasema.

Akashuka kwenye dungu, akachukua kombeo, akaenda kule chini.